Jinsi ya Kuwa Watu Wawili Ekero kwa Kamera Moja

Kwanza, hakikisha umezaliwa na wazazi wa makabila mawili. Kama umechelewa, usikate tamaa. Tafuta nyanya aliyeolewa kutoka ng'ambo ya mto. Sanaa ya video kuhusu utambulisho mseto haina masharti makali. Mwanga upande wa baba na Mnyore upande wa mama watajaza fomu ya ufadhili vizuri tu, mradi uandike neno "mpaka" mara kadhaa.

Kisha panda matatu hadi Ekero, jirani na Mumias, upige video ya miwa. Dakika tatu za miwa ikiyumba, bila maneno. Mwenye shamba atakuja kukuuliza kama umetumwa na kampuni, na kabla hujajibu atakueleza jinsi kiwanda cha sukari cha Mumias kilivyoanza kusaga mwaka wa 1973, kilivyosomesha watoto wa watu, na kilivyowekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2019 kwa sababu ya madeni. Huyo mkate. Anajua anachosema, na hilo huharibu hali ya ndoto. Mahali pa sauti yake weka ngoma za isukuti. Isukuti ni ya Waisukha na Waidakho, si ya Wawanga, lakini jopo la wafadhili kule Berlin halitasimama kupinga.

Tatizo la Ekero ni kwamba mseto huko si habari. Misafara ya Pwani ilikuwa ikipumzika kwa Wawanga tangu karne ya 19, na Nabongo Mumia mwenyewe, mfalme wao aliyefariki mwaka wa 1949, alisilimu. Kwa hiyo utamkuta mzee wa kofia aitwaye Juma, Kiwanga nyumbani, Kiswahili sokoni, Ijumaa msikitini, Jumamosi kwenye harusi ya shemeji yake Mkatoliki, na kote huko anangojea kuku na ugali. Muulize anajisikiaje kuishi katikati.

"Katikati ya nini?" atakuuliza.

Jibu hilo halifai. Mwombe akae kimya atazame nje ya dirisha. Akisema dirisha hilo linaangalia choo, sogeza kiti.

Sasa njoo kwenye maisha ambayo hakuna aliyeyaishi. Hapo kusema kweli Ekero ni tajiri kuliko wewe. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, Mumias ikaachwa kando pamoja na sifa yake yote ya kituo cha misafara. Mwaka uliofuata Waingereza wakaimega mashariki ya Uganda na kuitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Bila uamuzi huo, nyanya yako angekuwa Mganda na wewe ungenunua bando kwa shilingi za Kampala. Mnamo 1920 makao ya wilaya yakahamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega. Mji mkubwa wa reli, wilaya ya Uganda, makao makuu: hayo yote ni maisha ambayo eneo hili liliyakosa kwa karatasi za watu wengine. Lakini usihangaike nayo. Yanahitaji kusoma, na wewe una wikendi moja na pawabenki. Weka skrini mbili, moja ikuonyeshe umevaa suti, nyingine kanzu.

Epuka kabisa kuwatazama waliofanya kazi hii kwa dhati, watakuvunja moyo. Ingrid Mwangi, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1975 kwa mama Mjerumani na baba Mkenya, alizigeuza nywele zake mwenyewe kuwa vinyago mbele ya kamera. Baadaye yeye na mumewe Robert Hutter wakaunganisha majina na wasifu wao wakawa msanii mmoja. Zarina Bhimji, mzaliwa wa Mbarara ambaye familia yake iliondoka Uganda baada ya amri ya Amin ya 1972 ya kuwafukuza Waasia, alirudi na kutengeneza Out of Blue, iliyoonyeshwa mwaka wa 2002: kuta, vyumba vitupu, uwanja wa ndege, sauti, na watu hakuna. Hakuvaa kanzu wala suti. Hata hakujitokeza.

Jambo la mwisho la kuepuka ni mpiga video wa matanga. Utamkuta Ekero ana kamera begani, waya unaburuta kwenye nyasi, na kijana wa kumshikia taa. Yeye hana habari za utambulisho, ila ana saa nzima za ndugu wakibishana kama marehemu azikwe leo kwa taratibu za Kiislamu au wangojewe ndugu wa Nairobi. Ana mwalimu mstaafu anayeshika maikrofoni na kusema marehemu angekuwa daktari, alipata barua ya chuo, karo ikakosekana, ng'ombe alikuwa mmoja. Wakati huo kamera inahamia kwa mama wa marehemu, ambaye anatikisa kichwa kwa sababu ng'ombe walikuwa wawili. Mhariri wa Ulaya angempa tuzo kwa sekunde hizo. Yeye huziacha ndani kwa sababu familia imelipia sherehe yote.

Ushauri wangu, sasa bila mzaha: mlipe huyo bwana akushikie kamera, halafu wewe unyamaze. Na filamu ikishazunguka kumbi za Nairobi na Berlin, irudishe Ekero ndani ya flashi. Mzee Juma hafungui kiungo ulichomtumia. Bando ni lake.