Pongezi kwa Wizara: Niemba Haina Ugonjwa wa Homoni

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya ya Umma, Kinshasa,

Wakaaji wa Niemba wanatanguliza pongezi, kama adabu inavyotaka. Ikiwa afya ya watoto inapimwa kwa idadi ya wanaofika mbele ya daktari bingwa wa homoni, basi mji huu mdogo wa reli, huku Tanganyika, una watoto wenye afya kushinda wa Brussels.

Kwenye karatasi za Wizara mambo yamenyooka. Kituo cha afya kinaandika transfere kwenda hospitali kuu ya rufaa, nayo inampandisha mtoto hadi kwa bingwa. Kilichosahauliwa ni kwamba karatasi haina miguu. Inamfikisha hospitalini Kalemie mtoto ambaye baba yake ana pikipiki, au mjomba mwenye franka za kuikodi. Wengine wangoje treni; reli ya kutoka Kabalo ilifika ziwani mwaka 1915, na tangu hapo imejifunza kutokuwa na haraka.

Wizara itazame kisukari cha mtoto kinavyoanza. Anaamka usiku kutafuta maji. Anakojoa mkekani ilhali alishaacha. Anamaliza bukari na sombe, anaomba tena, lakini anakonda. Jirani wanasema amelogwa. Muganga, ambaye kutwa nzima anaona homa, anasema malaria; na pale artesunate imeisha, anatundika kinini ndani ya serumu ya glukozi. Sukari juu ya sukari! Mtoto akifa, daftari linaandikwa malaria, na takwimu za kisukari hazichafuki.

Na dawa ya kisukari hicho, insulini, si mpya: Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alichomwa kule Toronto Januari 1922. Dawa yenyewe inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na mpango wa Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009, unaitoa bure hata Kongo. Bure, ndiyo, kwa mtoto aliyekwisha kujulikana kuwa ni mgonjwa.

Upande wa kimo Wizara imebarikiwa zaidi. Uchunguzi wa 2017-2018 ulikuta asilimia 42 ya watoto wa nchi hii walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Katikati ya wafupi wote hao, nani atamtambua yule mmoja ambaye tezi yake ndiyo imegoma? Akiwa Mtwa, ndiyo kabisa: ufupi wake unahesabiwa kuwa kabila. Mabingwa wa ng'ambo waliwahi kuvutiwa na kimo cha watu wa misitu ya Afrika ya Kati, hata mwaka 1981 wakachapisha walichokuta katika damu yao. Damu ilipata rufaa.

Wasichana nao wasijione wameonewa Niemba peke yake. Adda Grimberg na wenzake wa Philadelphia walipotazama, mwaka 2005, watoto walioletwa kwa sababu ya kutokukua, walikuta wavulana karibu mara mbili ya wasichana. Kumbe wasichana wachache walioletwa ndio waliokuwa wafupi zaidi, na asilimia 41 yao walikuwa na ugonjwa hasa, dhidi ya 15 ya wavulana. Mvulana mfupi anawatia wazazi hofu. Msichana mfupi anaambiwa ni mrembo. Na huko barabara zina lami.

Kuna homoni moja, ile ya tezi ya shingo, ambayo Kongo iliishughulikia vizuri. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, watu walikuwa na rovu, na watoto walizaliwa na akili iliyodumaa, kwa kukosa iodini na kwa sumu ya muhogo. Iodini ilitiwa ndani ya chumvi, ikaingia karibu kila jiko, la tajiri na la maskini, bila transfere.

Kwa hiyo wakaaji wanaomba vijiti vya kupimia sukari viwekwe katika kituo cha afya, karibu na vipimo vya malaria. Ikiwa bajeti hairuhusu, fomu ya transfere iongezewe maswali matatu, juu kabisa, kabla ya dalili: Ni mvulana? Ni Mtwa? Baba ana pikipiki? Bingwa atajua mara moja kwa nini huyu amefika.