Waheshimiwa Wenye Majarida, Nanyi Leteni Muhuri

Kwa Wakurugenzi wa Kampuni Kubwa za Uchapishaji wa Majarida ya Kitaaluma,
London, Amsterdam, New Jersey na kokote mliko.

YAH: MAADILI

Waheshimiwa,

Awali ya yote nawapongeza kwa uchamungu wenu. Kila ninapowatumia makala, kabla hamjasoma hata kichwa chake, mnanitaka niape: sijaiba kazi ya mtu, sijaituma kwingine, sina maslahi niliyoficha, na wote walioandikwa majina wameitolea jasho kweli. Naapa. Kisha mnampelekea mhadhiri mwenzangu aipitie bure, usiku, akishamaliza kusahihisha mitihani ya darasa zima. Akimaliza mnamwandikia asante, halafu mnaiuzia maktaba ya chuo chetu sisi wenyewe. Madalali wa Kariakoo wangewasikia, wangefunga ofisi waje kusoma kwenu.

Kwa upande wetu maadili yapo, msitie shaka. Hapa Tanzania utafiti wa afya hauanzi bila kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na mara nyingi cha COSTECH, Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, pia. Kisha barua inapanda basi: mkoani kwa Katibu Tawala, wilayani, kwenye kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji ambaye amekwenda msibani na muhuri ameufungia kabatini. Unamsubiri. Bila muhuri ule humuulizi mtu hata umri wake.

Ndiyo maana Mei 2020 nilishika tama. The Lancet, jarida linalotoka tangu 1823, lilichapisha makala iliyodai kwamba dawa ya hydroxychloroquine inawadhuru wagonjwa wa korona. Wagonjwa 96,032, hospitali 671, mabara sita, na takwimu zote zimetoka kwa kampuni moja ndogo ya Marekani, Surgisphere. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kusimamisha kwa muda majaribio yake ya dawa hiyo. Watafiti zaidi ya mia moja wakaandika barua kuhoji. Katika hoja zao imo moja inayotuhusu: kama takwimu zile ni za kweli, basi hospitali za kampuni hiyo barani Afrika zilikuwa zimepokea karibu robo ya wagonjwa wote wa bara na asilimia 40 ya vifo vyote, na kila mgonjwa ana kumbukumbu zake za kielektroniki, safi, zimekamilika.

Afrika ipi hiyo, waheshimiwa? Mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje akaambiwa faili lake halionekani, akanunue daftari dukani, angecheka mpaka akohoe. Hakuhitajika profesa wa takwimu. Angetosha karani wa masjala ya hospitali yoyote ya wilaya, naye angewajibu kabla chai haijapoa. Tatizo ni kwamba karani hayumo kwenye orodha yenu ya wapitiaji. Kampuni ilipotakiwa kuonyesha takwimu ghafi ilikataa, na tarehe 4 Juni makala ikafutwa, siku 13 tangu itoke. New England Journal of Medicine nalo likafuta siku hiyo hiyo makala iliyotegemea takwimu za kampuni hiyo hiyo. Hospitali 671, na hakuna aliyeomba muhuri hata wa moja.

Siku 13 ni mwendo wa mbio, tuwe wakweli. Jarida hilo hilo lilichapisha Februari 1998 makala ya Andrew Wakefield iliyofanya watu wahofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inaleta usonji. Likaja kuifuta Februari 2010. Watoto waliochunguzwa walikuwa 12, nayo ikachukua miaka 12: mwaka kwa kila mtoto. Aliyefukua uozo ule hakuwa mhariri wala mpitiaji, alikuwa mwandishi wa gazeti, Brian Deer.

Nije kwenye fomu ya mgongano wa maslahi, ambayo naipenda sana. Mwaka 2009 kampuni ya Elsevier ilikiri kwamba tawi lake la Australia, kati ya 2000 na 2005, lilitoa machapisho sita yaliyolipiwa na kampuni za dawa, yakavikwa kanzu ya majarida ya kitaaluma, na msomaji hakuambiwa nani kalipa. Fomu ile mchapishaji hajazi?

Na panya je? Februari 2024 jarida moja la kampuni ya Frontiers lilitoa mchoro wa panya uliochorwa na akili mnemba, panya mwenye uume mkubwa kuliko kiwiliwili chake, na maelezo pembeni yaliyoandikwa kwa lugha ya majini. Mhariri alipitisha. Wapitiaji walipitisha. Makala iliondolewa siku tatu baadaye, na mmoja wa wapitiaji aliwaambia waandishi wa habari kwamba yeye huangalia sayansi tu. Mambo ya picha ni jukumu la mchapishaji. Mpaka leo panya yule hana mwenyewe.

Pesa, hata hivyo, zina mwenyewe. Wenye jarida la Nature walipotangaza mwaka 2020 kwamba mwandishi anayetaka makala yake isomwe bure na kila mtu atalipa euro 9,500, yaani zaidi ya shilingi milioni 25 za Kitanzania, hakuna aliyeuliza ni jukumu la nani kupokea. Wachapishaji Wiley walinunua wenzao Hindawi mwaka 2021 kwa karibu dola milioni 300. Mwaka 2023 pekee majarida ya Hindawi yakafuta makala zaidi ya 8,000. Elfu nane! Mwanafunzi wangu akinakili ukurasa mmoja naitisha kikao cha nidhamu.

Kuna swali ambalo wanakijiji huuliza ukishawatoa damu na kuwasainisha: majibu mtatuletea lini? Mwaka 2015 viongozi wa afya wa Liberia waliandika katika New York Times kwamba tangu 1982 ilikuwapo makala ya watafiti wa Ulaya iliyoonya kuwa Ebola huenda iko nchini mwao. Wao hawakuijua. Kupakua mojawapo ya makala za namna hiyo, walisema, kungemgharimu daktari wa Liberia dola 45, karibu nusu ya mshahara wake wa wiki. Wakati wanaandika, Ebola ilikuwa imeshaua maelfu ya watu wao. Hapo sina mzaha.

Naomba basi machache. Mhariri adai takwimu ghafi kabla ya kuchapisha, si baada ya kelele. Makala ikifutwa, litajwe na jina la mhariri aliyeipitisha, na ada mliyopokea irudi ilikotoka. Na watu waliotoa damu yao kwa utafiti wasidaiwe pesa kuusoma.

Fomu nimeambatanisha. Ni ile ile mnayotutumia sisi. Palipoandikwa “mwandishi” nimeweka “mchapishaji”. Jazeni, sainini, gongeni muhuri, mrudishe ndani ya siku 14. Msipofanya hivyo tutahesabu kwamba mmejitoa, kama mnavyotuandikia sisi.

Wenu,
Mhadhiri, na mpitiaji wenu wa bure.