Bi Kiraka Anajibu: Amebadilika Usiku Mmoja

Kila Jumanne ya pili ya mwezi, Microsoft hutoa viraka vya Windows, yaani masasisho ya kuziba kasoro. Utaratibu huo ulianza Oktoba 2003, na kwa saa za Afrika Mashariki viraka hutua saa mbili au saa tatu usiku, watu wakiwa mezani. Ndiyo maana sanduku la barua la Bi Kiraka, mshauri wa wenye kompyuta, hufurika Jumatano asubuhi, na anayezipitia barua hizo haraka hudhani ni za ndoa: amebadilika ghafla, hanisikilizi, ameondoka na vitu vyangu.

Mnyonge wa Printa, Nakuru, ana duka la vipuri. Kompyuta na printa yake, anasema, zilielewana miaka mitatu. Sasa kila akituma ankara ichapwe, skrini inageuka bluu na mashine inajizima. Anauliza kama kuna mkono wa mtu.

Mkono huenda upo, anajibu Bi Kiraka, ila si wa jirani. Anamkumbusha viraka vya Machi 9, 2021, vilivyozigombanisha kompyuta na baadhi ya printa za Kyocera, Ricoh na Zebra. Kompyuta ilikuwa nzima kabisa mpaka mtu abofye "chapisha", hapo ikaanguka. Dawa ilitoka Machi 15. Machi 18 ikabidi itoke nyingine, maana kuna printa zilizokuwa zikitema karatasi zenye mapengo: nembo haipo, mistari ya bakodi haipo. Kwa hiyo Mnyonge asikimbilie kununua printa mpya. Afungue historia ya masasisho, alinganishe tarehe ya kiraka cha mwisho na siku ugomvi ulipoanza. Zikikutana, akiondoe hicho kiraka, asimamishe vingine kwa muda (Windows huruhusu hadi wiki 5), kisha asome orodha ya matatizo yanayojulikana, ambayo Microsoft yenyewe huitoa hadharani. Huenda akakuta ugonjwa wake una jina na wagonjwa wenzake wako foleni.

Mhasibu wa Shule, Tanga, ameambiwa na fundi kwamba sasisho haligusi mafaili ya mtu, hivyo bekapu ni kupoteza muda.

Bi Kiraka anaomba fundi huyo asimuliwe habari ya Oktoba 2, 2018. Siku hiyo lilitoka sasisho kubwa la Windows 10, toleo la 1809, na hata wiki haikuisha likasitishwa. Walioumia ni watu waliokuwa wamefanya jambo la busara: diski C ilipojaa, walihamishia folda ya nyaraka kwenye diski D. Folda ya zamani ilibaki pale pale, na mara nyingine mafaili yalibaki ndani yake. Sasisho liliiona kama ganda tupu, likaifuta na vilivyomo. Microsoft ilisema waliolalamika walikuwa kama mmoja katika kila 10,000, faraja ndogo sana kwa huyo mmoja. Kinachomkera Bi Kiraka zaidi ni kwamba baadhi ya waliolijaribu sasisho kabla halijatoka walikuwa wameshapiga kelele. Taarifa zao zilizama kwa kuwa hazikupata wa kuziunga mkono. Sasisho lilirudi Novemba 13, limetengenezwa. Mhasibu anunue diski ya nje, anakili kumbukumbu za ada kila Ijumaa, kisha aichomoe na kuifungia kabatini.

Bwana Baadaye, Kisumu, anajisifu kwamba kwa miaka miwili amekuwa akibofya "nikumbushe baadaye" na hajapata hata mafua.

Barua hii Bi Kiraka aliisoma mara mbili. Kiraka cha kuziba tundu lililopitiwa na kirusi cha WannaCry kilitoka Machi 14, 2017. Kirusi chenyewe kilibisha hodi Mei 12. Wenye kuahirisha walipewa karibu miezi 2, na bado zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilikumbwa, mafaili yakafungwa na wenyewe wakadaiwa fidia kwa bitcoin. Huko Uingereza, miadi ya hospitali ipatayo 19,000 ilikadiriwa kufutwa. Bwana Baadaye anaruhusiwa kuchelewa, lakini kwa mpango. Kompyuta moja isiyoshika kazi nyeti ipokee kiraka kwanza. Siku kadhaa ichape, ifungue programu ya stoo, iingie benki. Ikivuka salama, nyingine zifuate. Na hiyo "baadaye" yake aiandikie tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Aliyekata Tamaa, Mombasa, anayesafirisha mizigo, anataka talaka na Windows kwa sababu ya fedheha ya Julai 2024.

Hapa Bi Kiraka anasimama upande wa mtuhumiwa. Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Mombasa, faili lenye kasoro lilitumwa na CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, Microsoft haikulituma. Programu ya ulinzi ilikuwa imeandaa taarifa 20, faili jipya likaiagiza isome ya 21. Haipo. Na kwa kuwa mlinzi huyo hulala chumba cha ndani kabisa cha mfumo, alipoanguka alianguka na nyumba. Faili liliondolewa baada ya dakika 78, lakini Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilikwisha kuathirika.

Kulifuta faili moja ni kazi ya dakika. Shida ilikuwa kulifikia, maana mashine isiyowaka haipokei amri kutoka mbali. Mafundi walizunguka meza hadi meza, wakiziwasha katika hali salama, na penye BitLocker, kufuli la diski la Windows, skrini ilidai ufunguo wa tarakimu 48, makundi 8 ya tarakimu 6, zote zichapwe kwa mkono. Kuna waliogundua kwamba funguo zao zimehifadhiwa kwenye seva, na seva nayo imezimia. Kabla ya kuandika hati ya talaka, Aliyekata Tamaa achape funguo za kompyuta zake zote leo, azitie kwenye bahasha, aziweke kwenye sefu.

Mpenda Amani, Bagamoyo, anashukuru tu: tangu Oktoba 2025 kompyuta zake 12 za Windows 10 zimetulia, hazimsumbui tena na masasisho.

Bi Kiraka anasikitika kumwarifu kwamba huo si upatanisho, mwenzake amehama. Msaada wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025. Biashara inayotaka viraka vya usalama viendelee hulipa matunzo: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, kisha bei huongezeka maradufu kila mwaka, mwisho miaka 3. Bi Kiraka ametoa kikokotoo: 61, 122, 244. Jumla dola 427 kwa mashine moja, dola 5,124 kwa zote 12. Kabla hajatoa hata senti, Mpenda Amani akague ni zipi zinazoweza kupokea Windows 11, ambayo haimtozi ada mwenye Windows 10 halali ila inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani mno. Aanze na ile anayoitumia kulipia wafanyakazi mishahara.