Kazi za Bibi Zinazoitoa Blenda Jasho: Tunahesabu Kutoka Tisa

Tuelewane kabla hatujaanza. Hii si orodha ya makumbusho. Kitu kinachonunuliwa ili kitundikwe sebuleni wageni wakipige picha hakimo humu, hata kiwe kizuri namna gani. Sharti la kuingia ni moja: kazi hiyo iwe bado inaishinda mashine, au angalau inaisumbua, katika nyumba ya leo ya vyumba viwili ambayo Luku inakata saa mbili usiku na gesi inaisha siku ya wageni.

Kuni kwenye jiko lisilo na dirisha hazimo. Moshi machoni haujawahi kuwa utamaduni, ulikuwa shida tu. Kanga nayo haimo, kwa sababu haihitaji kuokolewa na mtu. Yenyewe ndiyo inayotuokoa sisi, kuanzia mbeleko hadi pazia la dharura.

9. Vitambaa vya makochi

Kulikuwa na enzi ambayo nyumba yenye heshima haikuacha kitu uchi. Kochi lilivaa mgongoni na mikononi, meza ilivaa, redio ilivaa, na televisheni, mwenye nyumba wa kweli, ilivaa kitambaa cha krosheti chenye ua katikati, juu yake maua ya plastiki. Kisha ikaja televisheni bapa, na vitambaa vikaachishwa kazi bila kiinua mgongo.

Hata hivyo bibi alikuwa na hoja ya pesa. Kichwa chenye mafuta kinaegemea kitambaa, kitambaa kinavuliwa, kinafuliwa, kinaanikwa, kinarudi kazini. Kochi halianikwi kambani. Leo tunanunua kochi la velveti la rangi ya maziwa huku nyumbani kuna watoto wawili na mchuzi wa nyama, halafu tunashangaa. Lakini nafasi ya tisa inavitosha. Anayefuma hadi nguo ya rimoti anatafuta ugomvi.

8. Mtungi wa maji

Udongo uliochomwa bila kupakwa kitu una vitundu visivyoonekana. Maji yanapenya polepole hadi nje, yanageuka mvuke, na mvuke ukiondoka unaondoka na joto. Siri yote ndiyo hiyo. Hakuna waya, hakuna Luku, na hakuna wa kugombezwa kwamba ameacha mlango wazi.

Mbona basi wa nane? Hali ya hewa. Mtungi unapenda hewa kavu. Dodoma unafanya kazi iliyotukuka. Dar es Salaam mwezi wa Machi, hewa ikiwa imeshiba maji, unakaa tu pale konani mkitoka jasho pamoja. Na tafadhali usiupake rangi ya mafuta ili upendeze: ukishaziba vitundu umebaki na ndoo nzito isiyo na mpini. Anayetaka kuona kazi yenyewe afike Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambako wanawake wa Kikisi wanafinyanga vyungu vinavyosafiri mbali kuliko wengi wetu.

7. Udi

Marashi ya kupuliza yanadumu hadi mgeni avue viatu. Udi unakaa kwenye pazia hadi mgeni atafute sababu ya kurudi.

Ule wa kupika nyumbani, kama wanavyoupika Unguja, ni sukari inayoyeyushwa, vipande vya udi, liwa na marashi, vikachanganywa na kuachwa vishikane. Kati ya Unguja na Muscat sitaamua nani alimfundisha mwenzake, maana nataka kualikwa pande zote mbili. Ninachoweza kusema ni hiki: kaa la kwenye chetezo liwe limeshavaa majivu. Kaa jekundu linaunguza sukari, na nyumba nzima inanukia kama ajali ya duka la keki. Nguo zinatandazwa juu ya tenga lililofunikia chetezo, zinafukizwa, zinarudi kabatini. Dirisha liwe wazi. Mtoto mwenye pumu hana habari na mila zetu.

6. Michembe na matobolwa

Kiazi kitamu kikikatwa na kuanikwa kibichi, ni michembe. Kikichemshwa kwanza ndipo kikakatwa na kuanikwa, ni matobolwa. Ukivichanganya mbele ya Msukuma umejitakia. Vinakaa miezi bila friji, na matobolwa yanashuka vizuri na chai. Usukumani walikuwa na kiazi cha kutafuna zamani sana kabla ya hii pakiti inayouzwa na hewa nusu.

5. Ungo

Mchele wa mfuko ulioandikwa "safi"? Yaulize meno yako.

Ungo ukichezwa na mjuzi, mchele unaruka, pumba zinapeperuka, na ukitingishwa kwa ubavu chuya na vijiwe vinajitenga vyenyewe. Ukimaliza kupepeta unaanikia dagaa, ukimaliza kuanika unafunikia chakula. Kuhusu safari zake za usiku zinazosemwa mitaani, hizo hazihusu makala haya, na anayejua nauli yake asituandikie.

*(Hapa nasikia sauti kutoka Eldoret: mursik iko wapi? Ipo. Haikupewa namba kwa sababu ingezua mzozo kwenye tatu bora. Maziwa yaliyochemshwa yakapoa, kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet, siku kadhaa za subira, na yanatoka yana michirizi ya kijivu na ukali wa kukunja uso. Wanariadha wakirudi na medali hupokewa uwanja wa ndege kwa kibuyu hicho, si kwa soda. Kazi yenyewe iko kwenye kusafisha kibuyu, na hapo ndipo wapenzi wengi wa mursik hukumbuka wana miadi mjini.)*

4. Achari ya ndimu

Kuna msimu ndimu zinamwagwa sokoni karibu bure, na kuna miezi ambayo muuzaji anakupa ndimu moja huku akikuangalia usoni kama utalia. Achari ni njia ya kuvusha ndimu kutoka msimu ule hadi huu.

Osha ndimu zilizoiva, zifute zikauke kabisa. Pasua kila moja mara nne bila kuitenganisha chini, ijaze chumvi bila huruma, panga kwenye chupa ya kioo na kandamiza hadi zitoe maji yake zenyewe. Mchana juani, usiku ndani. Siku za kwanza utadhani umeharibu ndimu za watu. Baadaye ganda linalainika, linageuka kahawia, uchungu unapungua, na hapo ndipo pilipili na bizari ya manjano zinaingia. Kijiko chenye maji kisikaribie chupa hiyo, maana ukungu unakuja nacho. Mfuniko wa bati usahau; chumvi na ndimu zitautafuna kabla hujaanza kula.

Friji haihitajiki. Na wali maharage wa tarehe 28 ukipata kipande cha achari pembeni, mtu anasahau kwa dakika kumi kwamba mshahara bado.

3. Mkeka wa ukindu

Kijana wa leo ukimwambia mkeka umechanika anakuuliza ni timu gani imemwangusha. Tunazungumzia ule mwingine, usio na odi.

Ukindu unakatwa, unakaushwa, mwingine unachemshwa na rangi, kisha unachanwa vipande vyembamba vya upana mmoja. Ndipo unasukwa ukili, utepe mrefu unaozidi kurefuka, mikono ikienda yenyewe huku mdomo ukimaliza habari za mtaa mzima. Ukili ukitimia unashonwa ukingo kwa ukingo, na hapo ndipo fundi anajulikana: mshono wa fundi huuoni, wa mwanafunzi unauhisi ukiulalia. Miyaa, ambayo ni migumu zaidi, huenda kwenye majamvi na makapu.

Mkeka wa plastiki una sifa zake, tusiuonee. Unasuuzwa kwa bomba na unakauka upesi. Vilevile usiku wa joto unakugandia mgongoni na asubuhi unaamka umechapwa nakshi. Ukindu unapitisha hewa.

Ila sababu ya kuupandisha hadi nafasi ya tatu ni ukubwa wa nyumba zetu. Kochi la watu watatu linakula nusu ya sebule mchana na usiku, hata pasipo mtu wa kukaa. Mkeka unaketisha watu wanane mbele ya sinia moja, wakimaliza unakunjwa, unasimama nyuma ya mlango kimya. Tena hauna kiti cha baba. Shemeji anayejiona mkubwa inabidi akunje miguu na wenzake. Usiukunje ukiwa na unyevu tu, na usiusahau kwenye jua kali hadi ukindu uwe mkavu wa kuvunjika.

2. Mkate wa kumimina

Vyakula vingi vya pwani vinasamehe. Huu hausamehi.

Mchele unalowekwa usiku kucha. Asubuhi unasagwa na tui zito, iliki na hamira hadi ukisugua tone kati ya vidole usisikie chembe. Hapa blenda ina ruhusa, tena ikaribie; hakuna nishani inayotolewa kwa kutwanga mchele kwenye kinu Jumatatu asubuhi. Unatiwa sukari, halafu unaachwa uumuke mpaka uso ujae mapovu. Wengi huharibu papo hapo. Wanaona mchanganyiko mzito, wanaongeza maji, mkate unalala chali, wanailaumu hamira.

Kisha moto. Sufuria inapakwa mafuta na kupashwa kwanza, mchanganyiko unamiminwa, moto wa chini unakuwa mdogo. Kingo zikianza kushika unafunikwa kwa mfuniko wa bati na makaa yanapaliwa juu yake. Makaa ya juu ndiyo yanayoleta ile ngozi ya kahawia. Moto wa chini umetumwa kuivisha, haukutumwa kuunguza. Mpishi anayeujua anafuata harufu: mwanzo inakuja ya tui, halafu ya iliki, na ile ya sukari inayoanza kukolea ikifika puani anainuka bila kuambiwa. Anayefunua kila dakika anatoa joto nje na kuingiza wasiwasi ndani.

Oveni inaweza? Inaweza, ukiwasha moto wa juu mwishoni. Wenye jiko la gesi lisilo na oveni huupindua kwenye kikaango, ukatoka na nyuso mbili zilizofanana. Unguja watakutazama kwa huruma, lakini watakula. Na wenye kupalia makaa watumie jiko la bati lenye udongo ndani, lile lililoenea Kenya miaka ya 1980. Linashika joto, linakula mkaa kidogo.

1. Kukuna nazi na kukamua tui

Mlijua. Basi msiigize mshangao.

Tuanze na mshtakiwa. Blenda inasaga nazi ikawa vumbi, na vumbi hilo linapenya kwenye chujio, linaingia kwenye mchuzi, linakwaruza ulimi. Mbuzi haisagi, inakuna: inatoa nyuzi laini nyeupe ambazo ukizikamua zinatoa tui na zenyewe zinabaki kwenye kifumbu. La pakiti nalo nalifahamu, linafaa siku ya haraka. Lakini mengi ya hayo yametiwa vitu vya kuyazuia yasikatike, kwa hiyo yanachemka vyovyote bila kulalamika, na mpishi anayeyazoea hajifunzi kulisimamia tui.

Sasa kazi yenyewe. Shika nazi kavu, itikise sikioni. Maji yakichezacheza, twende. Isiyo na sauti irudishe. Igonge kwa mgongo wa panga kuzunguka kiunoni, ukiigeuza mkononi, hadi ipasuke nusu mbili. Kila nazi inuse na uionje kabla haijakutana na mwenzake, kwani nazi mbovu harabu ya nzima, na methali hiyo wapishi waliitunga wakiwa wana hasira. Kaa kwenye mbuzi, anza ukingoni ukienda ndani, zungusha kifuu kwa mikono miwili, mikono miepesi, na usikandamize. Ukiona kahawia, acha. Ile ngozi ya ndani ikikunwa, tui linachafuka rangi na wifi atauliza mbele ya watu kama umetia chai.

Maji ya uvuguvugu kidogo, kamua kwa nguvu: hilo ndilo tui la kwanza, zito, na linawekwa pembeni lisubiri. Ongeza maji, kamua tena: tui la pili, jepesi, ndilo linalopikia. Samaki, maharage, kisamvu au ndizi vinaiva kwenye lile jepesi. La kwanza linaingia mwishoni, moto ukiwa mdogo, mwiko haukai chini hadi lichemke mara moja, na sufuria haifunikwi. Ukipokea simu dakika hiyo, tui limekatika: mafuta kivyake, maji kivyake, na mgeni mlangoni. Mwambie anayepiga kwamba uko kwenye tui. Mtu wa pwani ataelewa, na asiye wa pwani atapiga baadaye.

Hesabu kilichobaki uone kwa nini hii ni ya kwanza. Machicha wanapewa kuku. Kifuu kinakuwa upawa, au kinaingia jikoni kama kuni, tena kinawaka vizuri. Makumbi yanasugua sufuria kwa majivu, na wenye subira wanayafukia kwenye maji ya chumvi ufukweni hadi yaoze, wayapondeponde wasokote kamba. Blenda ikiharibika inabaki blenda iliyoharibika.

Mbuzi nyingi ziko uvunguni mwa kitanda cha mtu, na aliyenayo hauzi. Ukienda sokoni kutafuta yako, angalia meno ya chuma kwanza: yawe makali na yanayolingana, maana meno butu yanasaga badala ya kukuna, na hapo ungebaki na blenda yako. Halafu ikunjue uikalie palepale, mbele ya muuzaji, bila aibu. Ikiyumba, usinunue.