Kihamba cha Seattle

Shangazi mpendwa,

Mvua ya huku Seattle haina adabu: hainyeshi ikaisha, inanyunyiza kutwa nzima kama bomba lililosahauliwa wazi.

Uliuliza Jumamosi huwa naenda wapi na mabuti. Naenda kulima kihamba cha jiji, shamba la miti na mazao pamoja kama lako. Usicheke. Huko Beacon Hill, kwenye ardhi ya idara ya maji, kuna mradi wa ekari 7 uitwao Beacon Food Forest. Wazo lilizaliwa 2009 katika kozi ya kilimo, majembe yakaingia 2012. Juu mitufaha, chini yake vichaka vya bluberi, chini zaidi mboga na dawa. Kwenye darasa la huko, mwalimu anachora ngazi hizo ubaoni, na watu wazima wenye shahada zao wanaandika daftarini. Mimi nimekaa nyuma nawaza mringaringa wako, kahawa chini ya migomba, magimbi kando ya mfereji wa mfongo. Bibi hakuchora kitu.

Ng'ombe hakuna, basi samadi ya zizini tusahau. Tunatandika maboksi juu ya nyasi ili zife, kisha tunamwaga vibanzi vya miti. Ila kwanza ubandue utepe wote wa plastiki. Juzi daktari mmoja mstaafu alipiga magoti kwenye tope akibandua boksi la televisheni kwa kucha, taratibu, utadhani boksi litalia.

Kioja chenyewe ni mavuno. Anachuma yeyote, hata asiyewahi kushika jembe. Kwetu ukikutwa na mkungu usio wako, mwenyekiti wa kitongoji anaitwa kabla hujautua begani. Hapa bibi mmoja wa Kichina alinijia kwa wasiwasi kuuliza mbona sichumi. Nikajaza mfuko sukuma wiki, huku nikigeuka geuka kuangalia nyuma. Malezi yako hayo.

Sasa kilichonifanya niandike. Nasikia Baba Mdogo anataka kung'oa kahawa na migomba ajenge fremu za maduka. Mwambie FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, huko kwetu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia mwaka 2011. Hilo lisipomgusa, mwambie huku watu wanalipa ada kusomea alichorithi bure. Akisikia habari ya hela atakaa chini. Na kama fundi ameshaitwa, nipigie leo leo, hata kama huku ni usiku.