Sifa za Sapu

Sapu, mtihani wa marudio wa aliyefeli, ni mtoto wa ukoo bora. Baba yake ni Bumu la mkopo wa wanafunzi, lililoingia kwenye akaunti siku chache kabla ya testi likaleta chipsi kuku, viatu vipya na marafiki. Mama yake ni Desa la notsi, lililotolewa kopi juu ya kopi hadi fomula zikawa za kuaminiwa tu, si za kusomeka. Kaka mtu, Disko la kufukuzwa chuo, hana utu: akikufungia mlango, amefunga. Sapu hukuita urudi.

Mwenye GPA ya 4.4 ana daraja la kwanza, sawa, lakini Mlimani ya Septemba, chuo kikiwa likizo na sapu zikifanywa, haijui. Kimbweta, benchi la kusomea nje, ambacho msimu wa mitihani ya UE kiliwahiwa alfajiri kwa daftari na chupa ya maji, sasa kiko wazi, uchague hata upande wa kivuli. Maktaba ina viti. Mhadhiri, ambaye katika ukumbi wa mamia ya watu alikuwa sauti ya kipaza sauti tu, mnakutana koridoni anakuuliza jina. Mtu wa sapu ndiye pekee aliyepata chuo kile cha kwenye vipeperushi.

Na haki yake! Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukifaulu sapu unapewa C, hata ukijibu kana kwamba swali ulitunga wewe. Aliyekesha mwezi mzima na aliyefunua desa ndani ya daladala ya Ubungo wanatoka na herufi ile ile. Azimio la Arusha lilitangaza usawa mwaka 1967. Sapu ndiyo iliyoutekeleza.

Hujapata chumba hosteli? Kuna geto la rafiki Changanyikeni, kitanda kimoja, mnalala mzungu wa nne, nyayo za mwanasheria mtarajiwa zikimpumulia puani mhandisi mtarajiwa. Bumu lilishakata zamani. Mama lishe anakopesha, anaandika kwenye daftari lake, ambalo (tofauti na la mwanafunzi) halijawahi kuruka kipindi.

Ila kipaji cha sapu hasa ni fasihi. Sijasikia mwenye sapu aliyelitamka neno hilo mbele ya mama yake. Kuna "utafiti", kuna "fildi imeongezwa", kuna "semina ya waliochaguliwa". Kijana ambaye Juni alishindwa kujaza kurasa tatu za insha, Septemba anatunga kwa simu hadithi yenye profesa, wafadhili na safari ya Bagamoyo, papo hapo, bila kujikwaa, na mwishoni anapenyeza ombi la nauli.

Mama anasikiliza mpaka mwisho. Anamwombea dua, anaahidi kutuma chochote kitakachopatikana, kisha anauliza kwa upole:

"Sasa mwanangu, hiyo semina ya waliochaguliwa, mbona na mwaka jana walikuchagua wewe?"