Mjomba wa Waya Akujibu: Mlimani Inazima, Gereji Inawaka

Safu hii huandikwa Salama, upande wa Makueni, kando ya barabara ya Mombasa, mahali ambapo madereva wa malori hunywa chai kabla ya kuukabili mlima wa kuelekea Malili. Mjomba hupokea barua kuhusu pikapu zilizokwisha kufikisha umri wa kupiga kura, zinazougua umeme wa kuja na kuondoka. Hapatanishi wapenzi, hagawi mashamba, na hakopeshi betri. Barua zimefupishwa. Matusi kwa mafundi yameondolewa.

*Hujambo, Mjomba? Nina Hilux ya dizeli niliyoishi nayo miaka kumi na mmoja. Imenisomeshea watoto. Tangu Agosti imebadilika tabia. Nikipanda kutoka Sultan Hamud nikiwa na magunia ya ndengu, inazima ghafla bila hata kukohoa. Taa nyekundu za dashibodi zinawaka kama kawaida. Nikingoja kidogo, nikipiga stata inanguruma kana kwamba hakuna lililotokea. Nikiipeleka kwa fundi inakaa siku nzima bila kosa, na fundi ameanza kuniona mimi ndiye mgonjwa. Nimeshabadilisha chujio la dizeli mara mbili na betri mara moja. Nishauri.*
Aliyechoka, Kasikeu

Pole, mpwa wangu. Betri uliyonunua ni nzuri, itunze, lakini haikuhusika. Injini ya dizeli ya zamani ikishawaka haina haja na umeme, haina plagi za kutoa cheche. Inadai kitu kimoja tu: waya mmoja unaokwenda kwenye pampu ya dizeli, kwenye kijidude cha ukubwa wa kidole gumba ambacho mafundi huita solenoidi. Umeme ukifika, kinavuta pini na dizeli inapita. Umeme ukikatika hata kwa kufumba na kufumbua, springi inairudisha pini na injini inakufa papo hapo. Ndiyo maana maneno yako mawili, "bila kukohoa", yana thamani kuliko yote uliyotumia kwa vipuri. Injini inayokosa dizeli kwa sababu ya chujio chafu hukohoa, hupoteza nguvu, hulalamika kwanza, kisha ndiyo izime.

Sasa usiirudishe gereji. Gereji haina mlima. Tafuta waya wa mita tatu na balbu ndogo ya volti 12. Ncha moja iunge na ule waya wa solenoidi pale kwenye pampu, upitishe waya dirishani hadi ndani, ufunge balbu juu ya dashibodi, na mguu wa pili wa balbu uuguse chuma kitupu cha bodi, si rangi. Balbu itawaka wakati wote ufunguo ukiwa umefunguliwa. Pakia ndengu zako kama siku zote, keti na mtu wa kuitazama, kwa maana wewe utakuwa unatazama trela lililo nyuma yako. Siku injini itakapozima, mtu huyo aseme neno moja kabla hujagusa ufunguo: imewaka au imezima. Ikiwa imezima, umeme umekatikia njiani, baina ya ufunguo na pampu. Ikiwa bado inawaka, umeme ulifika, basi mshtaki solenoidi yenyewe, ambayo ikipata moto hukatika ndani na ikipoa hujiunga, au urudi kwenye habari za mafuta. Na kumbuka kwamba injini ikizima usukani unakuwa mzito, na breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu. Toka barabarani mapema, weka pembetatu zako.

Mjomba ana dau lake. Taa nyekundu zinabaki kuwaka, kwa hiyo ufunguo unapitisha umeme. Na wewe mwenyewe umesema Agosti. Ukurasa wa pili wa barua yako, chini kabisa, baada ya salamu kwa familia yangu, unataja kwamba mwezi huohuo uliiosha injini kwa maji ya presha ili ing'ae siku ya ukaguzi wa kila mwaka. Hapo ndipo barua yako ilipaswa kuanzia. Vuta kiungo cha waya wa pampu. Ukikuta unga wa kijani ndani, umempata. Msugue kwa msasa laini, ubane vidole vya kiungo vishikane tena, upake grisi kidogo. Unga wa kijani ukiwa baridi hupitisha umeme vizuri mbele ya fundi. Joto la mlimani na mtikisiko wa mzigo ndivyo vinavyoufanya uachie.

*Mjomba, salamu kutoka Nunguni. Pikapu yangu ni Peugeot 504. Asubuhi nyingine stata inazungusha injini vizuri, nyingine inatoa mlio wa "tik" tu. Tukipita kwenye matuta taa zinafifia kisha zinarudi. Nimebadilisha altaneta, nikabadilisha stata, nikarudi tena kwa altaneta. Fundi sasa anasema tubadilishe waya zote. Je, nimwache?*
Mume wa Mfaransa

Umwache nani, fundi au gari? Gari usiliache. Hizi 504 nyingi ziliunganishwa hapa hapa Kenya, kule Mombasa, na jina hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Tangu hapo kila mwenye nayo hudhani ya kwake ilikuwemo kwenye mashindano. Si kitu. Chuma ni kizuri. Kinachochakaa ni pale vyuma viwili vinapokutana.

Watu wengi hufuata umeme unakotoka, kwenye ile kebo nyekundu ya betri, na kusahau kwamba lazima urudi. Unarudi kupitia injini, bodi na chasisi, halafu kwenye mkanda wa waya uliosukwa unaofungwa kwa bolti: ndiyo ethi. Injini imekaa juu ya mipira, haishikani na bodi isipokuwa kwa mkanda huo. Ukilegea au ukila kutu, stata inakosa njia ya kurudishia mamia ya ampea inazodai, na umeme unaanza kutafuta vichochoro.

Nikuulize jambo ambalo hukuandika. Asubuhi inayotoa "tik", baada ya kujaribu mara kadhaa, ulishawahi kushika kebo ya choki au ya akselereta? Ikiwa ina moto, usitafute tena. Umeme wa stata unapita humo kwa sababu mlango wake mkubwa umefungwa. Mjomba ameona kebo ya choki ikitoa moshi na mwenye gari akilaumu kabureta.

Usipoona moshi, pima. Mita ya kawaida ya fundi inatosha. Iweke kwenye volti za betri, ncha moja juu ya kichwa cha hasi chenyewe (chenyewe, si kile kibano kilichokishika), ncha ya pili juu ya chuma kitupu cha injini. Mtu apige stata. Mita ikionyesha sehemu ndogo ya volti, moja au mbili za kumi, njia ya kurudi ni safi. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, hapo kuna kizuizi. Sogeza ile ncha ya pili hatua kwa hatua, kibano, kebo, bolti, bodi, hadi uone namba ikiruka. Mahali iliporuka ndipo penye ugonjwa. Kazi hiyo haimalizi robo saa na haihitaji kipuri.

Halafu fungua bolti hiyo, ukianza kwa kutoa kebo ya hasi kwenye betri. Kwaruza chuma hadi king'ae, pande zote mbili. Unga mweupe ulio kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji ya vuguvugu yaliyokorogwa magadi, yaleyale yanayolainisha muthokoi jikoni: magadi huua asidi. Usiyaache yaingie ndani ya betri. Suuza, kausha, paka mafuta ya Vaseline, kaza. Kisha pima tena. Betri iliyopumzika usiku na kujaa inasoma takribani volti 12.6. Injini ikinguruma inapaswa kupanda hadi 14 hivi. Ikipanda, altaneta zote mbili ulizotoa zilikuwa nzima, na mmojawapo wa mafundi anaendesha gari lake nayo.

*Shangazi, samahani, Mjomba. Mimi ni mama mfanyabiashara wa maembe. Pikapu yangu hulala nyumbani na huwaka vizuri siku zote, ila Jumapili asubuhi nikitaka kwenda kanisani betri imekufa kabisa. Fundi anasema ni dayodi za altaneta zinavujisha umeme. Kijana wangu, ambaye ndiye dereva, anakubaliana na fundi.*
Mama Maembe, karibu na Mukaa

Mama, heshima zako. Dayodi ya altaneta inaweza kweli kuvujisha umeme usiku, Mjomba hakatai. Lakini dayodi haijui siku za wiki. Ingevuja Jumapili, ingevuja na Jumatano.

Tufanye hesabu kidogo. Balbu ya dari ya wati 5 ikisahaulika inakula chini ya nusu ampea. Betri ya saa-ampea 70 ingehitaji karibu wiki nzima kuishia hapo. Taa mbili za breki zilizonata, wati 21 kila moja, zinakula ampea tatu na nusu, na kufikia asubuhi nusu ya betri imekwenda. Sasa kuna kitu kingine kinachokula zaidi ya hizo taa, nacho kipo chini ya kiti cha abiria: amplifaya. Spika zake hukuzitaja, Mama, na Mjomba hadhani kwamba umeziona.

Kwa haki ya kijana, apimwe kabla ya kuhukumiwa. Jumatano usiku, gari likiwa limezimwa na milango imefungwa, fundi atoe kebo ya hasi na kuweka mita ya ampea katikati ya kebo na betri, kwenye tundu la ampea 10. Asipige stata wala asiwashe taa mita ikiwa hapo, ataiunguza fyuzi yake. Gari kuukuu lisilo na kompyuta linapaswa kusoma chini ya miliampea 50. Ikisoma zaidi, atoe fyuzi moja moja hadi namba ishuke. Ikibaki juu hata fyuzi zote zikiwa nje, atoe waya mnene wa altaneta; namba ikishuka hapo, fundi wako atakuwa amesema kweli. Jumatano ikisoma sawa, Jumamosi ficha ufunguo.

*Mjomba, nikikanyaga breki indiketa zote mbili za nyuma zinawaka kidogo, na nikiwasha indiketa taa za namba zinacheza nayo. Askari amenisimamisha. Wiki jana tulifungiwa bodi mpya ya chuma nyuma.*
Disko, Emali

Wewe ndiye mwandishi pekee mwezi huu aliyetaja jambo lenyewe. Aliyechomelea bodi alipaka rangi nzuri mahali taa zinapofungwa, na rangi haipitishi umeme. Taa ya breki imekosa njia ya kurudi, inarudi kupitia indiketa. Vuta waya mpya kutoka kwenye taa hadi kwenye chasisi, ukwaruze rangi, ukaze kwa bolti. Kwenye Toyota waya huo ni mweupe wenye mstari mweusi. Na aliyeweka karatasi ya sigara mahali pa fyuzi aitoe leo. Fyuzi huungua ili waya usiungue.

*Mjomba, nauza Hilux ya buluu, iko sawa kabisa ila mvua ikinyesha honi inapiga yenyewe na waipa zinagoma. Kiangazi haina neno. Je, ninalazimika kumwambia mnunuzi?*
Mkweli, Kibwezi

Ndiyo. Na umwambie pia kwamba mpira wa kioo cha mbele umepasuka upande wa dereva na maji yanateremka hadi kwenye kisanduku cha fyuzi, kwa sababu ndivyo ilivyo. Mpira ni bei ndogo kuliko punguzo atakalokudai.

*Hujambo, Mjomba? Sina tatizo. Nimeandika kushukuru tu. Nimenunua Hilux ya buluu kutoka kwa mzee mmoja wa Kibwezi, mtu mwaminifu sana, na tangu Septemba haijanisumbua hata mara moja. Aliniambia tu nisiipeleke Kitui mwezi wa Novemba, akasema ni mambo ya barabara.*
Mwenye Bahati, Sultan Hamud

Mpwa wangu, barabara ya Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui ina lami siku hizi. Njoo Salama kabla ya mvua, uje na bisibisi ya nyota na mpira wa kioo cha mbele.